Sangari: Gugu Linaloishi Chini ya Udongo

Gugu ni mmea wowote unaoota mahali ambapo mkulima hakuutaka, ukashindania maji, mbolea na mwanga na zao alilolipanda. Kwa maana hiyo hata mhindi uliojiotea katikati ya maharage ni gugu. Hata hivyo, ipo mimea michache ambayo maumbile yake huifanya iwe gugu karibu kila mahali inapokutana na jembe. Mmoja wa mimea hiyo ni sangari.

Sangari ni nyasi ya kudumu, yaani haifi baada ya msimu mmoja kama yafanyavyo mahindi au mtama. Jina lake la kisayansi ni Digitaria abyssinica, na katika vitabu vya zamani imeandikwa pia Digitaria scalarum. Asili yake ni Ethiopia na Afrika ya Mashariki, na inastawi zaidi katika nyanda za juu zenye mvua ya kutosha. Waganda huiita lumbugu. Rwanda na Burundi huitwa urwiri. Husumbua kahawa, chai, mkonge, pareto, pamba, mahindi na maharage. Marekani imeiweka katika orodha ya serikali kuu ya magugu hatari, na hairuhusu kuiingiza nchini bila kibali.

Huku kwetu nyasi hii si mgeni aliyetoka ng'ambo. Ilikuwepo kabla ya mashamba, ikichanganyika na nyasi nyingine mbugani na kuliwa na wanyama. Iligeuka vamizi pale binadamu alipoondoa mimea iliyoizunguka, akalegeza udongo, akaacha jua lifike chini, kisha akaanza kuikatakata kwa jembe. Ili kuelewa kwa nini mambo hayo, hasa hilo la mwisho, huinufaisha badala ya kuiangamiza, inafaa tuanze na umbo la nyasi yenyewe.

Jinsi ya kuitambua

Shina la nyasi limegawanyika. Katika muwa mgawanyiko huo unaonekana wazi: kuna kipande kirefu, kisha kifundo, kisha kipande kingine. Kipande kilichopo kati ya vifundo viwili huitwa pingili. Kila jani la nyasi huanzia kwenye kifundo. Sehemu yake ya chini hulizunguka shina kama mfuko mwembamba, na sehemu hiyo huitwa ala. Sehemu ya juu hujitenga na shina na kutandazika kupokea mwanga. Hiyo ndiyo bapa la jani. Kwenye kifundo hicho hicho, katika pembe iliyo kati ya ala na shina, hukaa chipukizi changa ambalo wakulima huliita jicho. Jicho laweza kulala muda mrefu bila kufanya lolote, na laweza kuamka likawa shina jipya. Maneno haya manne, yaani kifundo, pingili, ala na jicho, yatatumika mpaka mwisho wa makala.

Kabla ya kupambana na gugu lolote ni lazima kuwa na hakika kwamba ndilo lenyewe, kwa sababu dawa na mbinu hutofautiana. Mimea miwili huchanganywa mara nyingi na sangari: ndago na ukoka.

Ndago ni rahisi kuitenga. Chukua shina linalobeba maua ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la ndago lina pembe tatu, na vidole huzihisi mara moja. Tena halina vifundo vya kati. Shina la sangari ni la mviringo na lina vifundo. Ukichimba, ndago hutoa viazi vidogo vyeusi au vya kahawia vilivyoungana kwa nyuzi. Sangari haina viazi kabisa. Kibotania ndago si nyasi, bali ni mmea wa ukoo mwingine.

Ukoka unahitaji uangalifu zaidi, maana ni nyasi kweli na hutambaa vilevile. Zipo alama tatu za kuutenga. Ya kwanza ni suke. Suke la ukoka lina matawi machache, kwa kawaida matatu hadi sita, yote yakitoka katika nukta moja kwenye ncha ya shina. Matawi ya suke la sangari hutoka sehemu mbalimbali kwenye mhimili mfupi, moja juu ya jingine, hata pale yanapokaribiana sana. Alama ya pili ipo pale bapa linapokutana na ala. Likunje jani nje taratibu na uangalie upande wa ndani: sangari ina utando mdogo unaopitisha mwanga, na ukoka una safu ya vinywele vyeupe. Alama hii ina faida kwamba huonekana hata wakati nyasi haina suke. Ya tatu ni mahali nyasi inapotambalia. Ukoka hutuma mashina marefu juu ya ardhi na mengine chini yake. Sangari nayo huweza kutoa mizizi pale shina lake linapogusa udongo, lakini sehemu yake kubwa ya kutambaa imefichika ardhini.

Kilichopo chini

Ukichimbua pande la udongo penye sangari na kulipukuta, mkononi hubaki wavu wa nyuzi nyeupe au za rangi ya krimu, kila mmoja ukiwa na unene wa milimita chache, na ncha yake imechongoka. Watu wengi huziita mizizi. Tuuchukue uzi mmoja tuutazame kwa karibu. Umegawanyika kwa vifundo. Kwenye kila kifundo kuna gamba jembamba linaloukumbatia, na chini ya gamba, ukilibandua kwa ukucha, kuna nukta ndogo iliyovimba. Mzizi wa kweli hauna vifundo, hauna magamba wala macho. Gamba lile ni jani lililodumaa, nukta ile ni jicho, na uzi wenyewe ni shina linalolala chini ya udongo. Shina la namna hii huitwa rizomu. Mizizi halisi ya sangari ni vinyweleo vinavyochomoza kwenye vifundo vyake.

Tofauti kati ya mzizi na rizomu ina maana kubwa shambani. Kipande cha mzizi wa mahindi kikikatwa hufa, kwa kuwa hakina jicho la kutoa mmea. Kipande cha shina chenye jicho kinaweza kuwa mmea kamili, na ndiyo sababu muwa hupandwa kwa vipande vyenye pingili na vifundo. Mkulima anayekata rizomu ya sangari na kuiacha katika udongo wenye unyevu anafanya kazi ileile ya mpanda miwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme rizomu ina urefu wa mita 1, na kila sentimita 2 kuna kifundo. Hiyo ni takribani vifundo 50, na kwa hiyo macho 50. Jembe likiikata vipande vya sentimita 10, hupatikana vipande 10, kila kimoja na macho matano. Trekta yenye haro la sahani hukata vidogo zaidi ya hapo, kisha huvikokota hadi pembe za shamba ambazo hazikuwa na sangari.

Kwa nini kukata huamsha

Rizomu nzima haichipui katika macho yake yote kwa wakati mmoja. Ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo auksini, yaani kemikali ambayo mmea huitumia kupeleka taarifa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Auksini hushuka kutoka kwenye ncha, na athari yake ni kuyazuia macho yaliyo nyuma yasiamke. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya macho ya rizomu iliyokomaa imelala. Ncha ikikatwa, kizuizi huondoka, na macho yaliyokuwa kimya huanza kuchipua. Hapo ndipo palizi moja, ikiachwa bila ufuatiliaji, huzaa mashina mengi kuliko yaliyokuwepo awali.

Lakini jicho linaloamka linahitaji chakula, na linachipukia gizani. Mmea hutengeneza chakula chake kwa usanisinuru: majani mabichi huchukua maji na hewa ya kaboni dioksidi, na kwa nguvu ya mwanga huviunganisha kuwa sukari. Bila mwanga hakuna sukari mpya. Chipukizi lililo chini ya udongo hutegemea chakula kilichowekwa ndani ya rizomu wakati majani ya awali yalipokuwa juani. Rizomu, basi, ni ghala. Majani huingiza, machipukizi hutoa.

Maisha yote ya sangari yanaweza kusomwa kama hesabu ya ghala hilo. Jicho linapoamka, akiba hupungua. Chipukizi linapotokeza juu na kufungua jani la kwanza, bado linakula kuliko linavyozalisha. Majani yanapoongezeka hufika mahali ambapo kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Baada ya hapo ghala huanza kujaa tena, na rizomu mpya hutambaa. Katika nchi za baridi liko gugu linaloishi kwa mtindo huohuo, Elymus repens, na watafiti wamelipima kwa muda mrefu: akiba yake huwa chini kabisa pale chipukizi linapokuwa na majani matatu hadi manne. Kwa sangari mkulima hana haja ya kusubiri namba kamili. Inatosha kushika kanuni: machipukizi yaondolewe yakiwa bado machanga, kabla hayajaanza kulipa deni lao kwa rizomu.

Kanuni hii inaeleza pia kwa nini vipande vifupi ni hatari na wakati huohuo ni dhaifu. Ni hatari kwa sababu ni vingi na macho yake yameamka. Ni dhaifu kwa sababu kila kimoja kina akiba ndogo. Kikichipua, kikakatwa, kikachipua tena, kikakatwa tena, huishiwa. Kikiachwa baada ya mkato wa kwanza, hupona na kuongezeka.

Moto, kwa upande wake, haulifikii ghala hili. Nyasi kavu zikichomwa, joto hupanda juu, na udongo hulikinga lililo sentimita chache chini. Majani huungua, rizomu hubaki salama, na mvua ya kwanza ikinyesha sangari ndiyo huwahi kuota katika ardhi iliyosafishwa kwa ajili yake.

Njia za kudhibiti

Kila njia inayofaa hufanya moja kati ya mambo matatu: huitoa rizomu ardhini, huinyima chakula mpaka ichoke, au hupeleka sumu ndani yake. Tuzichukue kwa mpangilio huo.

Njia ya kwanza ni kung'oa. Zana bora ni jembe lenye meno, kwa kuwa huinua rizomu ikiwa ndefu, wakati jembe la kawaida lenye ubapa huikata. Kazi hii ifanywe mwanzoni mwa kiangazi, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo wa kuachia nyuzi bila kuzikatisha. Pande huinuliwa, hupukutwa, na nyuzi hukusanywa kwa mkono au kwa reki. Zitandazwe juani juu ya ardhi kavu au turubai, zigeuzwe, mpaka zivunjike kwa sauti zinapokunjwa. Rizomu hukauka polepole ndani ya rundo, hivyo rundo lisiwe nene. Zisitupwe kwenye shimo la mboji zikiwa mbichi, kwani zitarudi shambani pamoja na mboji. Katika mteremko shamba lisifunuliwe lote kwa pamoja. Wavu wa sangari, pamoja na usumbufu wake, ulikuwa umeshikilia udongo. Kwa hiyo ifanywe mistari inayokingama mteremko, na kingo za makinga maji au za matuta ya fanya juu zipandwe mabingobingo au vetiva.

Njia ya pili ni kuichosha kwa palizi za kurudiarudia. Baada ya palizi ya kwanza mkulima hurudi machipukizi yanapotokeza, na hurudi tena kila yanapotokeza. Kinachoamua lini arudi ni hali ya machipukizi. Kalenda haitoshi, kwa sababu mvua huyaharakisha na ukame huyachelewesha. Palizi za mwanzo zitaonekana kama hazijasaidia kitu, maana nyasi itaendelea kutoka. Lakini kila chipukizi linalotoka limetumia sehemu ya akiba, na kuacha katikati ya safari ni kuirudishia rizomu yote iliyopoteza.

Njia ya tatu ni kivuli, na msingi wake upo ndani ya jani. Mimea hutofautiana katika namna inavyokamata kaboni dioksidi. Mahindi, mtama, miwa na sangari vipo katika kundi lenye hatua ya ziada, ambayo huisukuma hewa hiyo na kuikusanya ndani ya jani kabla ya kutengeneza sukari. Hatua hiyo hugharimu nguvu ya mwanga. Penye jua kali gharama hulipa, na mimea hii huzipita nyingine kwa kukua. Kivulini mwanga hautoshi kulipia gharama, na faida yote hupotea. Ndiyo sababu sangari hutamalaki katika shamba lililo wazi na hudhoofika chini ya mimea iliyofunika ardhi vizuri. Baada ya kung'oa, shamba lipandwe mapema zao linalotambaa na kufunika: viazi vitamu, maboga, fiwi au mukuna. Katikati ya mistari ya mahindi, maharage yaliyopandwa kwa msongamano unaofaa husaidia, hasa katika wiki za mwanzo ambapo mahindi bado ni madogo na ardhi ipo wazi. Matandazo mazito nayo hupunguza mwanga, ingawa ncha zilizochongoka za sangari huweza kuyapenya. Yatumike pamoja na njia nyingine.

Njia ya nne ni dawa ya magugu. Kwa sangari dawa inayounguza majani tu haisaidii, kwa sababu ile ile ya moto. Inahitajika dawa inayosafiri ndani ya mmea. Glifosati ni ya aina hiyo: hupokewa na majani mabichi, hufuata njia ya sukari kuelekea kwenye rizomu, na huko huzuia kimeng'enya ambacho mmea hukihitaji kutengeneza baadhi ya asidi amino. Kwa kuwa husafiri na sukari, hufika chini pale tu sukari inaposhuka. Kwa hiyo hapa utaratibu hugeuka: nyasi isipaliliwe kwanza, bali iachwe iwe na majani mengi, mabichi, yanayokua. Kunyunyiza nyasi iliyonyauka kwa ukame, iliyotoka kufyekwa au iliyofunikwa na vumbi ni kupoteza dawa. Baada ya kunyunyiza udongo usilimwe mpaka dawa imefika chini. Majani huchukua wiki moja hadi mbili kuonyesha dalili.

Maji ya kuchanganyia yana uzito wake. Glifosati hushikamana na chembe za mfinyanzi, na ikishikamana haifanyi kazi. Maji ya mto yenye tope huiua dawa ndani ya pampu kabla haijafika kwenye jani. Maji yawe safi.

Dawa hii haichagui. Itaua mahindi na maharage kama inavyoua sangari, na ikiangukia majani au gome bichi la mkahawa itaudhuru. Katika mazao ya majani mapana kama maharage zipo dawa zinazolenga nyasi peke yake, kwa mfano fluazifopi, ila hizo haziwezi kutumika penye mahindi kwa kuwa mahindi nayo ni nyasi. Mnyunyizaji avae glavu, buti, nguo za mikono mirefu na kinga ya uso, afuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, asinyunyize penye upepo wala karibu na kisima. Mwaka 2015 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliiweka glifosati katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine kadhaa za udhibiti hazikukubaliana nao. Mjadala huo peke yake ni sababu tosha ya kuitumia kwa uangalifu, kwa kiasi, na pale tu njia nyingine hazitoshi.

Shamba la kahawa linahitaji neno la pekee. Mizizi inayolisha mkahawa imejaa katika tabaka la juu la udongo, mlemle zinamokaa rizomu nyingi. Kuchimba kwa kina chini ya mti kunakata zote mbili, na mti huumia zaidi ya gugu. Karibu na shina nyuzi zing'olewe kwa mkono udongo ukiwa na unyevu. Jembe lenye meno lifanye kazi katikati ya mistari. Shamba likitaka kusafishwa kabisa, wakati wake ni kabla ya kupanda miche.

Kinga huja pamoja na yote haya. Sangari huhama kwa vipande. Huja kwenye meno ya haro la kukodi, kwenye udongo wa miche ya kitalu, kwenye jembe lililotoka shamba la pili, na hutambaa kutoka mpakani. Zana zisafishwe kabla ya kuingia shambani, miche ikaguliwe, na ukanda mwembamba kandokando ya mpaka uwe unachimbwa mara kwa mara.

Kujua kama kazi inazaa matunda

Majani si kipimo kizuri, kwa kuwa rizomu inayokaribia kuishiwa huweza bado kuyatoa. Kipimo kiwe palepale penye akiba. Chagua sehemu chache za shamba. Katika kila sehemu chimba mraba wa sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 20, pukuta udongo, kusanya rizomu zote, zioshe na uzipime kwenye mizani ya dukani au ya jikoni. Andika uzito na tarehe. Rudia mwisho wa kila msimu, jirani na ulipochimba awali.

Uzito ukipanda, njia iliyotumika inailisha sangari, hata kama shamba linaonekana safi, na inabidi ibadilishwe. Ukibaki palepale, palizi zinachelewa. Ukishuka msimu hadi msimu, mkulima aendelee bila kukata tamaa ingawa bado anaona kijani juu ya ardhi, kwa sababu sehemu ya mmea inayoamua kama utakuwepo mwakani inapungua. Rizomu zikiisha katika miraba yote, palizi za kawaida pamoja na mpaka uliolindwa zitatosha kulishikilia shamba.